Risala ya Klabu ya Maikrobiolojia kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, walezi wa klabu, wahadhiri wetu, mafundi sanifu wa maabara, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Pili, tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu yako mazito na kuja mwenyewe. Tunalitaja hili kwa sababu tumewahi kumpokea mwakilishi wa mwakilishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kama kikundi cha kujisomea nyuma ya maabara. Leo hii ina katiba, muhuri na akaunti ya benki, na akaunti hiyo ina fedha kiasi. Katika mafanikio, tumewafundisha wanafunzi wa shule za msingi jirani kunawa mikono, tumechora bango kubwa la bakteria linaloonekana tangu getini, na tumeifufua otoklevu, mtungi wa kuulia vijidudu kwa mvuke, iliyokuwa imetangazwa kuwa chuma chakavu. Sasa vyombo na agari ya kuoteshea bakteria tunavitakasa hapa hapa, na tunathubutu kuyaita haya mapinduzi ya kisayansi katika jengo letu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, sasa tunaingia kwenye lililotuleta hapa, yaani ombi letu, tukianza na sababu yake.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani seli ya bakteria ni kifuko cha uji tu, kila kitu kinaelea humo bila mpangilio, kwa kuwa haina kiini kama seli zetu. Hali sivyo ilivyo. Bakteria aina ya E. coli ana urefu wa takribani maikromita 2, lakini DNA yake ikinyooshwa inafika milimita 1.6. Huwezi kupakia mzigo wa namna hiyo ovyo ovyo. Mwaka 1991 ilionekana kwamba protini iitwayo FtsZ hujipanga kama pete katikati ya seli, na hapo ndipo seli hujigawa. Mwaka 2001 ikaonekana nyingine, MreB, chini ya utando wa seli. Hiyo ndiyo inayowapa bakteria wengi umbo la fimbo, na wakiikosa huvimba na kuwa duara.

Unaotunyima usingizi zaidi ni mfumo wa Min, yaani kundi la protini zinazoiongoza pete hiyo mahali pa kukaa. Mwaka 1999 watafiti walishuhudia protini hizi zikikimbia kutoka ncha moja ya E. coli hadi nyingine, kwenda na kurudi, takribani kila dakika moja. Kwa kuwa hukaa zaidi kwenye ncha na huzuia pete isijengeke zilipo, FtsZ hubakiwa na nafasi moja tu, yaani katikati. Kiumbe asiye na macho wala ubongo anapata nusu kwa nusu bila rula. Mwanachama wetu mmoja ameandika tasnifu nzima juu ya mwendo huo, na hajawahi kuuona kwa macho yake isipokuwa kwenye video za watu wa mbali.

Hajauona kwa sababu, Mheshimiwa, hatuna hadubini ya mng'ao.

Hadubini tulizonazo ni za mwanga wa kawaida. Ukishapaka rangi ya Gram, ukasuuza kwa alkoholi, ukadondosha mafuta na kushusha lenzi ya mara 100, utaona vijiti vya zambarau au vya waridi. Ni vizuri, lakini vinaishia hapo, tena bakteria wenyewe wameshakufa. Protini zinazotembea ndani ya seli hai huonekana zikifungwa kwenye protini ya kijani iliyotokana na konyeza, ile iliyopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008, kisha zikamulikwa kwa mwanga maalumu. Na hili si la anasa. Penisilini hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, na bakteria wa kifua kikuu hurefuka kwa kujenga kwenye ncha zake. Anayetafuta dawa mpya lazima aone kinachojengwa wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja alilipokea na kuahidi papo hapo, nasi tukapiga makofi. Ziliwasili hadubini za kioo, zile za kugeuzia mwanga wa dirishani. Tunashukuru sana, zinafaa kabisa kuangalizia ngozi ya kitunguu. Aliyefuata alituambia tuandae chumba, kifaa kipo njiani. Tulichangishana, tukapaka kuta rangi nyeusi, tukashona mapazia mazito na kujenga meza ya zege isiyotikisika. Tulipofuatilia tuliambiwa suala lipo kwenye mchakato. Viti mlivyokalia leo vimetolewa kwenye chumba hicho.

Robert Koch, aliyemtambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifanya utafiti Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Kwa hiyo hadubini nzuri zinajua njia ya kufika nchini.

Hatuombi zile hadubini za mng'ao zenye uwezo wa juu kabisa, zilizopata Nobel mwaka 2014. Tunaomba moja ya taa za LED, yenye kamera, pamoja na kifaa cha kulinda umeme, maana umeme ukikatika katikati ya kupiga picha, seli hazikusubiri. Kama bajeti ni finyu, tupo tayari kupokea iliyotumika, mradi iwe ya mng'ao.

Baada ya chakula, katibu atakuongoza kukikagua chumba. Katika kitabu cha wageni, pembeni ya safu ya maoni, tumeongeza safu ya tarehe ya utekelezaji. Tunakuomba uijaze kwa mkono wako.

Tunaomba kuwasilisha.