Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tiba Shufaa kwa Watoto

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka zimo kwenye kabrasha la mweka hazina, sitazirudia hapa. Nizungumzie kazi.

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mkubwa. Bado wazazi wengi hapa Dar es Salaam wakiisikia huelewa kwamba madaktari wamekata tamaa. Ndiyo maana mtoto mwenye saratani, selimundu au ugonjwa wa moyo hutufikia akiwa hoi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza huduma hii ianze pale ugonjwa unapobainika, iende sambamba na tiba nyingine. Mtoto anaweza kuwa nasi na bado anaendelea na dripu zake za saratani.

Nyumbani, kinachokosewa zaidi ni kupima mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Mtoto wa miaka 2 mwenye kilo 10, akiandikiwa miligramu 0.2 kwa kilo, hunywa miligramu 2 kila baada ya saa 4. Chupa yenye miligramu 1 kwa mililita, hiyo ni mililita 2. Chupa yenye miligramu 2 kwa mililita, ni mililita 1 tu. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Piga hesabu mwenyewe uone hatari yake. Kwa hiyo kila chupa itoke na bomba lake la kupimia, lisilo na sindano, na mlezi avute dawa mbele ya muuguzi kabla hajaondoka.

Dozi ya saa 8 usiku ndiyo inayorukwa sana. Mlezi amechoka, mtoto kalala, basi anaachwa. Alfajiri maumivu yamempanda na kuyashusha huwa kazi. Mofini pia hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile, isingoje tatizo. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni wa kawaida. Mtoto asiyeamshika, au anayepumua polepole mno, asipewe dozi nyingine. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa mtoto asiyeweza kusema, pimeni maumivu kwa kutoa alama: uso, miguu, kujinyonganyonga, kilio na ugumu wa kubembelezeka, kila kimoja 0 hadi 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, maumivu yanahitaji dawa.

Kamati inapendekeza fedha za fulana za maadhimisho (tunazo za kutosha, jamani) zinunue mabomba ya mililita 1 na 5. Mtapiga kura kwenye ajenda ya bajeti.