Kwa Mama Mapacha, kuhusu filamu niliyoitazama Ijumaa

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Mapacha,

Habari za Kigoma? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tuko salama. Mvua imechelewa, ila maembe hayakuchelewa, watoto wa mtaa mzima wako juu ya miti.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu Ijumaa, na wa kumwambia ni wewe tu kwa sababu ulikuwepo. Mtoto wa kaka yangu alikuja na filamu kwenye kompyuta yake, akasema, "Shangazi, hii inawahusu nyinyi watu wa maofisini." Ni ya Marekani, ya 1997, inaitwa In the Company of Men. Maafisa wawili, Chad na Howard, wanatumwa kikazi mji mwingine kwa wiki sita. Chad anatoa wazo: watafute mwanamke mpweke, wamtongoze wote wawili, na akishapenda wamwache kwa mpigo, wapate cha kuchekea uzeeni. Wanampata Christine, ni kiziwi. Na kazi yake pale ofisini ni kupiga chapa. Mhazili mwenzetu! Niliposikia hivyo nilisogeza kiti mbele.

Unajua nilikuwa nangoja nini. Nilikuwa nangoja kumwona yule dada wa masijala.

Nadhani hujasahau. Mwaka wetu wa kwanza kazini, tumetoka Chuo cha Uhazili na vyeti vyetu vya hati mkato, tukidhani kazi ya ofisi ni kasi ya vidole tu. Wale maafisa wanne wakaweka dau la kreti ya soda, nani atakuwa wa kwanza "kumpata" yule dada. Walilizungumza mbele yangu, mimi nimekaa kwenye mashine naandika dokezo lao, kama vile mhazili naye ni sehemu ya mashine. Nilikuja kwako mikono inatetemeka. Wiki nzima tulibishana, tumwambie au tumwache, maana mmoja wao ndiye aliyekuwa akisaini ruhusa zetu.

Jambo kama lile halina mlango wa kupelekea. Rushwa ya ngono ina kifungu chake, cha 25 katika sheria ya kuzuia rushwa ya 2007. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kumnyanyasa mfanyakazi ni ubaguzi. Lakini wanaume wanne na kreti ya soda, na dada anayeletewa karanga na kusifiwa mwandiko bila kujua kwa nini, utaandika malalamiko gani na umpe nani? Ndiyo maana niliipa filamu hii matumaini makubwa. Nikasema kumbe kuna mtu aliliona, akalifanyia kazi.

Aliyeitengeneza, Neil LaBute, aliliona kweli, simnyimi haki yake. Alitumia dola 25,000 hivi, akapiga picha huko Fort Wayne, Indiana, na ofisi zake ni meza, ukuta na mwanga mkali, ungedhani ni ofisi yoyote unayoijua. Kuna mahali Chad anamdhalilisha kijana wa kiume aliye chini yake, mweusi, kwa kumlazimisha ateremshe suruali athibitishe kama ni mwanamume wa kutosha kwa kazi. Pale nilikaa kimya kabisa. Ni kweli, mwenye tabia ile hawaonei wanawake peke yao, anamwonea yeyote aliye ngazi ya chini.

Ila Christine, Mama Mapacha! Karibu kila tunapomwona yuko na mmoja wa wale wawili, mezani au kwenye gari. Chad tunamjua mpaka anavyocheka, Howard tunamjua mpaka anavyoogopa. Yeye tunajua tu kwamba ni mzuri, ni mpole, na hasikii. Sikuonyeshwa shoga wa kwenda kumwambia, "Leo nimepewa maua na watu wawili, wewe unaonaje?" Na anapoujua ukweli, nilitaka kukaa naye usiku ule, nione ameamkaje. Filamu ikaondoka naye Howard. Mpaka mwisho tunamfuata Howard anakwenda kumtafuta mahali anapofanya kazi mpya, anampigia kelele amsikilize, na ya mwisho kuyaona ni machungu ya Howard. Ya mwanamke yamebaki nyuma ya kaunta.

Kilichoniuma zaidi ni huyu mtoto wetu. Ilipokwisha akasema, "Lakini Chad mjanja, shangazi." Hakusema kwa ubaya, ni kijana mwenye adabu. Amekaa saa moja na nusu na Chad anayependeza na kuongea vizuri, na kwa Christine hakupewa cha kushika. Nikaifunga kompyuta nikamsimulia habari ya masijala kuanzia mwanzo. Nilimweleza namna yule dada alivyokuwa akipanga majalada bila kuangalia namba, alivyokuwa akimsomesha mdogo wake Tabora Girls, na alivyotuimbia siku ya Ijumaa Kuu. Alisikiliza mpaka saa sita usiku. Chad hakumtaja tena.

Kuna kitu kimoja nilishindwa kumjibu. Aliniuliza, tulipomwambia yule dada, alisema nini. Mimi nakumbuka chumba cha chai, wewe umesimama mlangoni kuzuia watu, na yeye ameshika kikombe. Nakumbuka alimaliza chai yake yote kwanza. Maneno yake yamenitoka. Wewe unayakumbuka? Na kama bado mnaonana naye sokoni Mwanga, mwulize mwenyewe, kama hatachukia.

Nimempa jirani anayepanda treni ya kesho lita mbili za asali ya Sikonge. Kampokee stesheni, na chupa usitupe, unirudishie na mawese.

Mwenzako wa kitanda cha juu