Risala ya Kamati ya Usomaji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi, bahati ambayo hatuipati kila mwaka.

Historia yetu ni fupi, nasi tutaifupisha zaidi. Kamati iliundwa ili watoto wa madarasa ya chini wasome kwa pamoja na mwalimu wao. Mbinu hii ilienezwa na Don Holdaway wa New Zealand miaka ya 1970, kwa vitabu vikubwa ambavyo darasa zima liliweza kuviona. Vitabu hivyo hatunavyo, ndipo tukageukia slaidi.

Mafanikio ni makubwa mno. Walimu wote wa madarasa ya chini sasa wanatengeneza slaidi, isipokuwa wawili. Hadithi zetu zimevuka mipaka, kwani hata darasa la nne limeziazima.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Hatuna projekta.

Slaidi moja hubeba sentensi moja au mbili kwa herufi kubwa. Mwalimu anapita na fimbo chini ya maneno, watoto wanamfuata kwa sauti. Kesho yake wanarudia hadithi ileile, safari hii neno moja limefichwa, herufi ya kwanza tu imeachwa, nao wanalitafuta kwa kufuata maana. Silabi ngumu inapakwa rangi. Aliye nyuma kabisa anapaswa kuona neno lilelile, wakati uleule, na aliye mbele. Kwetu leo slaidi hizo zinaonyeshwa kwenye kompyuta mpakato ya mwalimu, iliyowekwa juu ya dawati. Watoto wa mbele wanasoma, wa katikati wanasukumana, wa nyuma wanaitikia kama kiitikio cha wimbo bila kuona hata herufi moja. Ukipita nje utadhani darasa zima linasoma.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunamheshimu sana, alituletea pazia jeupe la kuonyeshea, akasema mashine inafuata. Pazia lipo, limefunika kabati la vitabu. Wa mwaka jana aliahidi projekta "ndani ya wiki mbili". Tulimpigia makofi marefu, na picha ya makofi hayo imebandikwa ofisini.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba projekta moja, yenye mwanga wa lumeni 3,000 au zaidi, kwa sababu madirisha yetu hayana mapazia na mashine hafifu hufutwa na jua. Iambatane na waya zake, na taa ya akiba kama ni ya aina inayotumia taa ya kubadilishwa. Pazia la pili, tafadhali, hapana.

Tunaomba pia, usimamapo kujibu, uitaje tarehe. Katibu ameshafungua daftari la kumbukumbu.

Tunaomba kuwasilisha.