Uhuru wa Chokhamela haukuwa wa ahera tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nyimbo za ibada za India niliisoma mara mbili, maana ni nadra gazeti la Kiswahili kugusa mambo hayo. Lakini kuna dai moja siwezi kulinyamazia. Mwandishi alisema kuwa uhuru unaoimbwa humo ni ule wa roho kuuacha mwili, na kwamba washairi wale waliwatuliza wanyonge ili wasubiri malipo ya ahera. Nasema hapana, na naomba nafasi nieleze.

Nilisoma ufamasia mjini Pune, magharibi mwa India, nikapanga chumba kwa mama mmoja wa Kimarathi ambaye redio yake iliimba abhanga kabla jua halijachomoza. Abhanga ni mashairi ya Kimarathi ya kumsifu Vithoba, mungu wa hekalu la mji wa Pandharpur. Kila mwaka mvua zikianza, misafara ya mahujaji hupita Pune kwa miguu, mmoja ukitoka Alandi na mwingine Dehu, watu wakiimba njia nzima huku wakigonga matoazi. Mama yule ndiye aliyenifafanulia, mstari kwa mstari, wimbo uliosikika sana kwa sauti ya mwimbaji Jitendra Abhisheki. Unaanza kwa shangwe: unga wa rangi unarushwa hewani, rafiki yangu Vithoba anacheza. Kisha, bila muziki kubadilika hata kidogo, unauliza: sisi tuliozaliwa duni, kizingiti tutakigusaje?

Wimbo huo ni wa Chokhamela, mshairi wa karne ya 14, wa tabaka la chini la Wamahar. Wamahar walihesabiwa najisi. Miongoni mwa kazi walizobebeshwa ni kuondoa mizoga ya ng'ombe. Hekalu la Mungu aliyemwimbia maisha yake yote hakuruhusiwa kuliingia. Alikufa ukuta ulipowaangukia vibarua huko Mangalvedha, na mapokeo yanasema Namdev, mshairi mwenzake, aliikusanya mifupa yake akaizika chini ya ngazi za hekalu la Pandharpur. Kaburi lipo pale mpaka leo, nje ya mlango. Mlango wenyewe haukufunguliwa kwa watu wa jamii yake hadi mwaka 1947, mwanaharakati Sane Guruji alipogoma kula mwezi Mei, miezi mitatu tu kabla India haijapata uhuru wake. Zaidi ya miaka 600 swali la kizingiti liliimbwa pale pale penye kizingiti. Mtu anayetaka kuwatuliza wanyonge hatungi wimbo wa namna hiyo.

Katika abhanga nyingine Chokhamela anasema muwa umepinda lakini utamu wake haukupinda. Mbona mnadanganyika na umbo la nje? Hapo hazungumzii roho iliyotoka mwilini. Anawasemesha majirani zake, wenye macho, wanaomkwepa njiani.

Janabai naye, kijakazi wa nyumba ya Namdev aliyeimba akisaga nafaka, ana shairi ambalo hata leo linanisisimua. Ushungi umenishuka kichwani hadi mabegani, anasema, na hivyo hivyo nitakwenda sokoni penye watu tele, matoazi mkononi na vina, ala ya nyuzi, begani. Nani atanizuia sasa? Mwishoni anajiita kwa tusi lile lile wanalotukanwa wanawake waliovunja adabu, na kwa jina hilo anaingia nyumbani kwa Mungu. Soko analolitaja ni la mjini, lenye watu wanaomjua.

Sikatai kwamba uhuru wa roho umo. Kabir, mfumaji wa Banaras, aliimba juu ya ndege atakayeruka peke yake. Lakini huyo huyo Kabir, mapokeo yanasema, alipokaribia kufa aliuhama mji huo mtakatifu wa Banaras akaenda Maghar, mahali palipodharauliwa kiasi kwamba watu waliamini afiaye pale huzaliwa tena punda. Wokovu usiotegemea mahali wala kuhani unawanyang'anya watu fulani mamlaka yao hapa hapa duniani.

Wimbo wa Kabir kuhusu ndege nimeupenda hasa kwa sauti ya mwimbaji Kumar Gandharva. Alishikwa na kifua kikuu akiwa kijana, akakatazwa kuimba kwa miaka kadhaa, mpaka streptomaisini, dawa iliyokuwa mpya wakati ule, ilipomwokoa (nami mfamasia siwezi kuipita hiyo kimya). Akabaki na pafu moja linalofanya kazi. Akiwa katika mji wa Dewas aliwasikia waimbaji wa njiani wakiimba Kabir, na yeye mwenyewe alipoanza kuimba tena, aliimba kwa vipande vifupi vyenye nguvu, na kimya katikati. Raga, yaani mpangilio wa noti ambao wimbo wa Kihindi hujengwa juu yake, ina sheria kali: noti zipi zipande, zipi zishuke, ipi ikaliwe kwa muda. Ndani ya sheria hizo mwimbaji hutunga papo hapo, na pumzi ya mgonjwa ikazaa njia ambayo haikuwahi kusikika.

Wala muziki wa kumbi hauna mikono misafi. Kule Thiruvaiyaru, kusini, kaburi la mtunzi Tyagaraja lilijengewa mahali pa ibada katika miaka ya 1920 kwa fedha za Bangalore Nagarathnamma, mwanamke wa ukoo wa devadasi, yaani wanawake waliowekwa wakfu kwa hekalu. Katika maadhimisho ya mtunzi huyo wanawake hawakuruhusiwa kuimba. Akaandaa maadhimisho ya wanawake, mahali hapo hapo.

Ombi langu ni moja. Mnapoandika tena juu ya nyimbo hizi, chapisheni maneno yake kwa Kiswahili, si majina ya raga na sifa za sauti pekee. Nafasi ikiwa finyu, anzeni na Janabai.

Msomaji wenu,
Mfamasia mstaafu