Mpwa wangu, hili si kusi la kila mwaka

Mpwa wangu,

Juzi usiku uliponipigia na kusema, "Mjomba, kampuni inapangwa upya," ulikuwa unacheka. Kicheko hicho nakijua. Nami nilicheka hivyo hivyo kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Malindi, siku meneja alipotubandikia ukutani karatasi ya visanduku na mishale. Nilikitafuta kisanduku cha stoo, nilikokaa miaka tisa. Hakikuwemo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wenzako wa mapokezi na wa jikoni yamewafika hayo hayo, na wao hawana mjomba wa kuwasumbua.

Sisi watu wa hoteli Malindi tuna mazoea yetu mabaya. Kila mwaka upepo wa kusi ukianza, Waitaliano wanarudi kwao, vyumba vinafungwa, tunaambiwa, "Nendeni, mtaitwa." Na kweli, msimu ukirudi tunaitwa. Basi siku ya kupunguzwa kwa hakika inapofika, tunaidhani ni kusi lile lile. Tunakunja yunifomu, tunashika tuktuk ya shemeji, tunakaa tukiitazama simu. Mimi niliitazama hadi Desemba, watalii wamejaa Casuarina, simu kimya.

Karatasi nilipewa siku ya Ijumaa, saa sita na nusu, watu wanakimbilia msikitini. Niliitia saini nimesimama. Nilipokuja kuisoma nyumbani, ilisema nimeacha kazi kwa hiari yangu.

Sasa sikiliza hesabu. Mtu akiondolewa kwa sababu nafasi yake imefutwa, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inataka alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Miaka tisa ni siku 135, yaani miezi minne na nusu. Kwa mshahara wangu wa 24,000, ni shilingi 108,000. Nimeipiga hesabu hii nyuma ya kalenda mara nyingi hata mke wangu ameificha kalenda. Aliyejiuzulu halipwi hiyo. Wewe una miaka saba na miezi minane: utahesabiwa saba, hiyo minane usiitie kwenye bajeti.

Kifungu hicho hicho kinataka mengine. Uarifiwe kwa maandishi, na afisa wa kazi wa serikali naye aarifiwe, mwezi mmoja kabla. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, chama ndicho kinachopelekewa taarifa. (Ile kadi ya KUDHEIHA, chama chetu watu wa hoteli, uliyosema inakula mshahara bure, itafute.) Upewe pia notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi, na siku za likizo ulizobakiza zilipwe pesa taslimu. Na wa kuondoka hachaguliwi kwa sura: wanatakiwa kuangalia muda wa mtu kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wake.

Umeniambia wanataka muombe upya kazi mnazozifanya. Najua inavyochoma, kuandika barua ya kuomba kiti ulichokikalia. Omba tu. Mimi nilisusa, nikadhani watanibembeleza. Stoo ikaunganishwa na manunuzi, akapewa kijana aliyeomba. Hakuwa hodari kunishinda, lakini barua yake ilikuwepo mezani. Wakikupa cheo kipya au mshahara mwingine, usikubali kwa mdomo ukumbini. Ni haki yako kushauriwa na kupewa mabadiliko hayo kwa maandishi.

Na lile kundi la WhatsApp la wafanyakazi lizime usiku. Kila siku saa tano usiku anatokea mmoja mwenye orodha ya majina "kutoka juu", na kesho yake orodha ni nyingine. Wewe unakosa usingizi, asubuhi unampa mgeni ufunguo wa chumba cha mtu.

Jambo moja tu limeniudhi: umemficha mama yako. Dada yangu amelea watoto watano kwa mahamri na mbaazi, hatazimia kwa habari ya kampuni. Akizisikia kwa majirani kabla yako, hapo ndipo utakapomwona.

Njoo Jumapili baada ya alasiri na barua waliyokupa, mkataba, na vipande vyako vya mshahara, hata vilivyochakaa. Usisaini chochote kabla ya hapo. Sema unahitaji kuisoma, hakuna sheria inayokataza kusoma. Na uniletee miwani yangu, niliisahau kwenu Idi.

Mjomba wako