Tunanuniana, lakini jeneza twalibeba pamoja

Mhariri,

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti ya Lamu imeongozwa na gavana Issa Timamy, kisha Fahim Twaha, kisha Timamy tena, na kila uchaguzi huacha watu wasiosalimiana. Mwaka 2022 mimi na jirani yangu tulinuniana miezi miwili kwa sababu ya bango mlangoni pake. (Lilikuwa bango baya, bado nasema.) Mamake alipofariki, nilipokea jeneza zamu yangu hadi makaburini, hakuna aliyeuliza kura yangu.

Anayedai Wakenya hatuna tena kinachotuunganisha, avuke kutoka gati ya Mokowe hadi kisiwani Lamu, aketi uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome jioni moja. Ugomvi atausikia, na kahawa atanunuliwa na huyo huyo anayebishana naye.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu