Kwa shemeji unayeuguza: mirija miwili, chupa mbili

Shemeji,

Pole na kuuguza. Umeuliza inakuwaje kijana mzima mapafu yote mawili yasinyae kwa mpigo. Nakujibu hadharani, maana swali hilo si lako peke yako.

Pafu halikufungwa kwenye mbavu. Hukaa limetanuka kwa kuwa kati yake na ukuta wa kifua hamna hewa, ila majimaji kidogo tu. Hewa ikipenya hapo, pafu hujikunja. Likisinyaa moja, la pili hubeba mzigo. Yakisinyaa yote, hakuna akiba.

Kwa vijana warefu wembamba, hasa wavutaji sigara, kinachopasuka ni vilengelenge vya hewa kwenye ncha ya juu ya pafu, na mara nyingi viko pande zote. Wengine ni kifua kikuu, nimonia ya fangasi kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, ajali, au mashine ya kupumulia inaposukuma hewa kwa nguvu. Waliopasuliwa moyo wana la kwao: baadhi hubaki na upenyo kati ya pande mbili za kifua, hewa ya kulia ikahamia kushoto.

Ugonjwa huu hudanganya. Daktari amezoea kusikiliza kifua na kulinganisha pande mbili. Zote zikififia sawasawa, atalinganisha nini? Ndiyo maana unaweza kudhaniwa ni pumu. Ultrasaundi husaidia haraka: pafu lililotanuka huonekana likiteleza kwenye ukuta wa kifua kila pumzi; lililoachana na ukuta, mtelezo hauonekani.

Presha ikianza kuporomoka, eksirei haisubiriwi. Hewa hutolewa kwanza kwa sindano nene, kisha mrija. Mrija huingizwa kwa ganzi chini ya kwapa, kwenye nafasi ya 4 au ya 5 kati ya mbavu, ukipita juu ya ubavu, kwa sababu mishipa imejificha chini ya kila ubavu.

Sasa zitazame zile chupa za maji ambamo mirija ya kifuani inaishia, kila moja kivyake. Ncha ya bomba huzama kama sentimita 2 ndani ya maji, hewa itoke isirudi. Maji yakipanda na kushuka anapopumua, njia iko wazi. Mapovu maana yake hewa bado inavuja. Kukiwa kimya kabisa, ama pafu limejaa, ama ameulalia mrija: mwite muuguzi, usikisie. Chupa isiinuliwe kupita kifua, maji yatarudi ndani. Na mrija unaotoa mapovu usibanwe hata wakati wa kumhamisha, kwani hewa ikikosa pa kutokea hukandamiza moyo.

Wakikutajia upasuaji usishtuke. Pande mbili kwa pamoja ni sababu tosha ya kutosubiri ijirudie. Hukata vilengelenge, kisha hukwaruza utando unaofunika ukuta wa kifua kwa ndani au kunyunyiza poda ya talki ili pafu ligande ukutani.

Sigara basi. Ndege asipande mpaka eksirei ionyeshe pafu limejaa, kisha zipite siku 7 walau. Kuzamia na mtungi wa hewa asahau, labda daktari bingwa aruhusu baada ya upasuaji wa pande zote mbili.

Na akikohoa usimkataze, kikohozi kinasaidia kusukuma hewa itoke. Mpe mto aukumbatie kifuani, na dawa ya maumivu aimeze kabla ya mazoezi ya kupumua, siyo baada.